Uhuru Ulikuja Kwanza, Katiba Ikafuata

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo waliohudhuria semina ya siku mbili. Wengi waliomba yachapishwe, kwa hiyo tumeyaandika karibu vile vile tulivyoyasema.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya katiba, kwa kuwa vikundi vingi vilivyo hapa viko katika kazi ya kuandika katiba zao au kuzirekebisha. Katika semina iliyopita mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Hawa Wamarekani tunaosikia kila siku kwamba wana katiba ya miaka mingi, wao waliipata namna gani? Waliletewa na nani?" Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Tulienda tukasoma, na leo tumerudi. Jibu lenyewe ni refu kidogo, mtuvumilie.

Kabla ya kuvuka bahari, tuanze na jambo la hapa nyumbani. Kuna kikundi kimoja tunachokijua, na jina lake hatutalitaja, kilichochanga pesa miaka saba ili kununua mashine ya kusaga mahindi. Miaka yote hiyo hakuna aliyegombana na mwenzake. Walikuwa kitu kimoja. Mashine ikaja, watu wakaimba, mbuzi akachinjwa. Wiki ya pili wakaanza kushtakiana kwa chifu. Kwa nini? Kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa nani atakaa na ufunguo, nani atahesabu pesa za jioni, na huyo akikosea ataondolewaje. Walijua kutafuta mashine. Kukaa nayo hawakujua.

Basi, Wamarekani nao yaliwapata mambo kama hayo.

WALOWEZI WALIOMKATAA MFALME WAO

Miaka ya 1760 hapakuwa na nchi iitwayo Marekani. Kulikuwa na makoloni 13 ya Waingereza kandokando ya pwani ya mashariki, kutoka New Hampshire upande wa kaskazini hadi Georgia upande wa kusini. Hapa lazima tuelewane vizuri. Sisi tukisikia neno koloni tunamwona mzungu anamtawala Mwafrika. Huko mambo yalikuwa mengine. Waliodai uhuru ni walowezi wenyewe, Waingereza na watu wengine wa Ulaya, wao pamoja na watoto na wajukuu wao. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wanasukumwa kuelekea magharibi. Na katika kila watu watano wa makoloni hayo, mmoja alikuwa Mwafrika au mzao wa Waafrika, na karibu wote hao walikuwa watumwa. Msilisahau jambo hilo, tutalirudia.

Walowezi hao walikuwa wamezoea kujiamulia mambo. Virginia ilikuwa na baraza la wajumbe waliochaguliwa tangu mwaka 1619. Massachusetts kila mji ulikuwa na mkutano wake, ambapo wanaume wenye mali walibishana juu ya barabara, shule na mshahara wa mchungaji, halafu wakapiga kura. Kodi walijitoza wenyewe kupitia mabaraza yao. Mfalme alikuwa mbali, safari ya merikebu ya wiki nyingi.

Kisha vikaja vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilivyomalizika mwaka 1763. Uingereza ilishinda, ikapata Kanada, lakini ikabaki na deni lililokaribia kuwa mara mbili ya lile la mwanzo. Bunge la London likasema: vita vile viliwalinda ninyi pia, basi changieni. Kusema haki, dai hilo halikuwa la kipumbavu. Shida ilikuwa namna yake. Mwaka 1765 Bunge lilipitisha Sheria ya Stempu: kila gazeti, kila karatasi ya mahakama, kila leseni, hata karata za kuchezea, lazima iwe na stempu iliyolipiwa.

Walowezi wakawaka. Hoja yao ilikuwa fupi. Kodi hutozwa na wale ambao mlipaji mwenyewe amewachagua. Katika Bunge la London hatuna hata mjumbe mmoja. Sasa mnatutoza kwa idhini ya nani?

Akina mama wasikilize hapa. Silaha ya kwanza iliyotumika haikuwa bunduki, ilikuwa kususia bidhaa. Nguo nyingi nzuri zilitoka Uingereza. Wanawake wakaanza kukusanyika, mara nyingi nyumbani kwa mchungaji, kila mmoja na gurudumu lake la kusokotea uzi, wakasokota kutwa nzima. Kuvaa kitambaa kizito cha nyumbani, ambacho zamani kilikuwa alama ya umaskini, sasa kikawa fahari. Wafanyabiashara wa London walipoona mali inawalalia walilililia Bunge lao wenyewe, na mwezi wa Machi 1766 Sheria ya Stempu ikafutwa. Lakini siku ile ile ikatoka sheria nyingine ya kusema kwamba Bunge lina uwezo wa kuyafunga makoloni kwa sheria katika jambo lolote lile. Yaani: tumewasamehe stempu, lakini msifikiri mmeshinda.

Mwaka 1767 ukaja ushuru mpya wa vioo, risasi, rangi, karatasi na majani ya chai. Wanajeshi wakapelekwa Boston. Tarehe 5 Machi 1770 wakapiga risasi umati uliokuwa ukiwatupia mabonge ya theluji na matusi, na watu watano wakafa. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, mtu wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa nchi ile. Na sikilizeni ajabu hii: wakili aliyewatetea wanajeshi hao mahakamani, John Adams, alikuwa mtu wa upande wa walowezi. Alisema hata adui ana haki ya kutetewa. Wengi wa wanajeshi wakaachiliwa, na wananchi hawakumtupa Adams. Baadaye alikuwa rais wa pili.

CHAI YA BEI NAFUU

Sisi tunaolima chai na kuinywa asubuhi na jioni tungependa kuambiwa kwamba ugomvi ulitokana na chai kuwa ghali. La, sivyo. Ushuru ule mwingine ulikuwa umefutwa mwaka 1770, ukabaki wa chai peke yake, peni tatu kwa kila ratili. Mwaka 1773 Bunge liliisaidia Kampuni ya India ya Mashariki, iliyokuwa na chai tele imelala katika maghala yake, iiuze moja kwa moja katika makoloni. Bei ikashuka hata ikawa chini ya chai ya magendo. Serikali ilifikiri: nani atakataa chai rahisi?

Walikataa. Waliona kwamba ukinywa chai ile umekubali ule ushuru mdogo ulio ndani yake, na ukikubali mdogo, kesho huna neno la kusema juu ya mkubwa. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 wanaume wa Boston, wamejigeuza kama wenyeji wa kabila la Mohawk, waliingia katika merikebu tatu na kumwaga baharini masanduku 342 ya chai.

Adhabu ilikuwa kali. Bandari ya Boston ikafungwa mpaka chai ilipwe. Baraza la Massachusetts likanyang'anywa uwezo wake. Mikutano ya miji ikawekewa mpaka: mara moja kwa mwaka, na zaidi ya hapo ni kwa kibali cha gavana. Wenye umri kati yetu wanacheka, maana wanakumbuka siku ambazo hata mkutano wa kusaidia wanafunzi karo ulihitaji leseni.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho gavana hakukifikiria. Tangu mwaka 1772 Samuel Adams na wenzake wa Boston walikuwa wameanzisha kamati za mawasiliano. Kazi ya kamati hizo ilikuwa kuandikiana barua. Mji huu umwambie ule yaliyotokea, na koloni hili limwambie jirani. Kazi ndogo kabisa, si ndiyo? Karatasi, wino na farasi. Lakini Boston ilipofungwa, makoloni mengine yalikuwa yanajua habari zote na yalituma chakula. Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia, Georgia peke yake haikufika. Watu ambao hawakuwahi kuonana walikuta wanafahamiana tayari kwa barua.

VITA

Vita hatutavisimulia sana. Vilianza tarehe 19 Aprili 1775 huko Lexington na Concord, karibu na Boston. Jeshi lilipewa George Washington, mkulima tajiri wa Virginia. Mwanzoni wengi walikuwa bado wanasema wanataka haki zao tu, mfalme abaki. Januari 1776 Thomas Paine, Mwingereza aliyekuwa na mwaka mmoja hivi tu tangu afike, alitoa kijitabu kwa lugha ya mtu wa kawaida akisema ufalme wenyewe ndio ugonjwa. Kilisomwa kila mahali, hata katika vilabu vya pombe. Tarehe 4 Julai 1776 mkutano wa Philadelphia ukapitisha Azimio la Uhuru, lililoandikwa hasa na Thomas Jefferson. Azimio lilisema watu wote wameumbwa sawa, na kwamba serikali hupata uwezo wake kutokana na kukubaliwa na wale wanaotawaliwa.

Maneno makubwa hayo. Jefferson mwenyewe katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Katika rasimu yake alikuwa ameweka maneno ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, na wenzake wakayafuta. Watumwa wenyewe hawakukaa kungoja. Gavana wa Kiingereza wa Virginia alipotangaza Novemba 1775 kwamba mtumwa wa mwasi akikimbilia jeshi la mfalme atakuwa huru, wengi walikimbia. Kwao uhuru ulikuwa upande wa pili wa vita. Mwaka 1783 karibu watu 3,000 weusi waliondoka New York kwa merikebu za Kiingereza kwenda Nova Scotia, na baadhi yao baadaye walifika Sierra Leone.

Majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778, kambini Valley Forge, askari wapatao 2,000 walikufa kwa magonjwa bila hata kupigana. Mwaka 1778 Ufaransa ikaingia vitani ikiwa na pesa, askari na manowari, na bila hiyo hatuoni jinsi wangeshinda. Oktoba 1781 jeshi kubwa la Waingereza lilijisalimisha Yorktown. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris tarehe 3 Septemba 1783. Ardhi yote mpaka mto Mississippi ikatolewa, na wenyeji waliokuwa wakiishi juu yake hawakualikwa.

Jambo moja tu la mwisho wa vita. Desemba 1783 Washington, ambaye alikuwa na jeshi na sifa zote, alikwenda mbele ya Kongresi huko Annapolis, akarudisha karatasi yake ya ukuu wa jeshi, akaenda zake shambani. Hakuna aliyemlazimisha. Sisi tunaojua ugumu wa mwenyekiti kurudisha muhuri wa kikundi, tukiri kwamba hilo si jambo dogo.

HAZINA BILA UFUNGUO

Sasa tumefika kwenye mashine ya kusaga. Uhuru umepatikana. Je, nani anakaa na ufunguo?

Wakati wa vita makoloni yalikuwa yameandika mapatano, tuyaite Mapatano ya Shirikisho, yaliyoanza kazi tarehe 1 Machi 1781. Waliyaandika wakiwa na hofu. Walikuwa wametoka kupigana na serikali yenye nguvu iliyo mbali, basi wakahakikisha serikali yao mpya haina nguvu hata kidogo. Ilikuwa Kongresi tu. Rais wa kutekeleza mambo hakuna. Mahakama za taifa hakuna. Kila jimbo kura moja, kubwa au dogo. Jambo kubwa lilihitaji majimbo 9 kati ya 13, na kubadilisha neno moja la mapatano kulihitaji yote 13.

Na kubwa zaidi, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliweza kuomba tu. Iliyaandikia majimbo: tafadhali leteni mchango wenu. Ninyi ni wanachama wa vikundi, mnajua mchango wa "tafadhali" unavyokuja. Mwaka 1781 ilipendekezwa Kongresi ipewe ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zinazotoka nje, ili ilipe madeni ya vita. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ilikataa, na hoja ikafa. Juni 1783 askari ambao hawajalipwa waliizunguka nyumba ya Kongresi Philadelphia wakiwa na bunduki, na Kongresi ya nchi iliyomshinda mfalme wa Uingereza ikakimbilia Princeton.

Walioumia zaidi ni wakulima. Chukueni Massachusetts ya magharibi. Mkulima alikuwa amepigana miaka kadhaa, akalipwa vipande vya karatasi vya ahadi. Kwa njaa akaviuza kwa matajiri kwa bei ya kutupa. Kisha jimbo likaongeza kodi, na kodi ilipwe kwa fedha na dhahabu, ili kuwalipa wale wale wenye vipande. Mkulima hana fedha. Anashtakiwa, ng'ombe wanauzwa kwa mnada, shamba linakwenda, na yeye mwenyewe anaweza kufungwa jela kwa deni.

Agosti 1786 wakulima walianza kuzifunga mahakama zisikae, maana mahakama isipokaa, shamba haliuzwi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, aliyekuwa kapteni vitani. Januari 1787 walikwenda kuchukua ghala la silaha huko Springfield, wakapigwa mizinga, wanne wakafa. Jeshi lililowafuatia lililipwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Boston, kwa sababu hazina haikuwa na kitu.

Vitabu vingi vinamtaja Shays kama mkorofi. Sisi hatuwezi kumtaja hivyo. Lakini yeye na maadui zake walikuwa wamefikia neno moja bila kujua: mapatano yale hayafai.

CHUMBA KILICHOFUNGWA MADIRISHA

Mei 1787 wajumbe walianza kufika Philadelphia. Kwa jumla walikuwa 55, kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Waliruhusiwa kurekebisha mapatano ya zamani tu. Baada ya siku chache waliyaweka kando na kuanza upya. Washington alikuwa mwenyekiti. Benjamin Franklin, mwenye miaka 81, ndiye aliyekuwa mzee wa wote. James Madison wa Virginia alikaa mbele akiandika kila neno, na maandishi yake hayakuchapishwa mpaka 1840, yeye akiwa amekwisha kufa.

Walikubaliana kusiwe na neno litakalotoka nje. Walinzi mlangoni, madirisha yamefungwa, na ni wakati wa joto kali. Hapo tumebishana sisi kwa sisi tukitayarisha mazungumzo haya. Baadhi yetu husema siri iliwasaidia, kwa sababu mtu aliweza kubadilisha maoni yake leo bila kuaibishwa na gazeti kesho. Wengine husema kazi ya wananchi haifanywi gizani. Hatukupatana, na hatutajifanya tumepatana.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kura. Majimbo makubwa yalitaka wajumbe wahesabiwe kwa wingi wa watu. Madogo yalitaka kila jimbo liwe sawa. Walikaribia kuvunja kikao. Tarehe 16 Julai walikubaliana kwa kura ya chupuchupu: mabaraza yawe mawili. Baraza la Wawakilishi lifuate wingi wa watu, na Seneti iwe na watu wawili kwa kila jimbo.

Lakini watu ni nani? Majimbo ya kusini, ambayo hayakumpa mtumwa haki yoyote, yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate wajumbe wengi. Wakapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Hesabu hiyo iliwaongezea nguvu mabwana wao, wao wenyewe haikuwapa hata nusu ya kura. Pia biashara ya kuleta watumwa isikatazwe na Kongresi kabla ya 1808, na mtumwa akitorokea jimbo lingine arudishwe. Katika karatasi yote neno mtumwa halikuandikwa. Walizungukazunguka kwa maneno mengine. Tunafikiri waliona haya.

Na ule ufunguo? Waliugawanya. Kongresi ndiyo itoze kodi, na miswada ya kodi ianzie katika baraza lililochaguliwa na wananchi. Rais atekeleze, kwa miaka minne, na akikosa sana ashtakiwe na kuondolewa. Anaweza kukataa mswada, lakini theluthi mbili za mabaraza yote mawili zikisimama, unakuwa sheria. Majaji wakae maadamu mwenendo wao ni mwema, na mshahara wao usipunguzwe kwa kuwatisha. Kuna kifungu kimoja tungependa kila mweka hazina akisikie: hakuna pesa itakayotoka hazina bila sheria kuiruhusu, na hesabu ya mapato na matumizi itangazwe kwa umma mara kwa mara.

Tarehe 17 Septemba 1787 watu 39 walitia sahihi. Watatu waliokuwepo walikataa. Mmoja wao, George Mason, alisema: haki za raia ziko wapi humu?

KARATASI INARUDI KWA WATU

Na hapa ndipo tunapomjibu yule mzee wetu. Hawakuletewa na mtu, na karatasi ile ilipotoka chumbani haikuwa katiba bado. Ilisema yenyewe kwamba haitakuwa na nguvu mpaka majimbo 9 yaikubali, na si kwa kura za wabunge wa kawaida. Kila jimbo lichague wajumbe wa kazi hiyo tu.

Wakabishana karibu mwaka mzima. Magazetini, makanisani, vilabuni. Alexander Hamilton, Madison na John Jay waliandika makala 85 za kuitetea. Wapinzani nao waliandika, na wengi wao hawakuwa watu wa kupuuzwa: walisema serikali hii itakuwa mbali na mkulima kama London ilivyokuwa. Massachusetts, nyumbani kwa Shays, ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168, na ikapita tu kwa kuwa wenye katiba walikubali kupeleka pamoja nayo orodha ya marekebisho yanayotakiwa. New Hampshire ikawa ya tisa tarehe 21 Juni 1788. Virginia ilikuwa 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Washington alipoapishwa kuwa rais tarehe 30 Aprili 1789, majimbo mawili yalikuwa bado nje. Rhode Island iliingia Mei 1790, kura 34 kwa 32. Kura mbili!

Madison mwanzoni alisema orodha ya haki haina lazima. Aliyembadilisha ni mpiga kura. Katika wilaya yake kulikuwa na Wabaptisti wengi, na kabla ya uhuru wahubiri wao walikuwa wametupwa jela Virginia kwa kuhubiri bila leseni ya serikali. Walitaka iandikwe. Katika uchaguzi wa 1789 Madison aliwaahidi, na alipofika Kongresi akatimiza, ingawa wenzake walimwambia kuna kazi za haraka zaidi. Marekebisho 12 yalipelekwa kwa majimbo, na 10 yakakubaliwa tarehe 15 Desemba 1791: uhuru wa dini bila kanisa la serikali, uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika na kupeleka malalamiko, nyumba yako isipekuliwe ovyo, ushtakiwe mbele ya baraza la raia.

Mama mmoja alinyosha mkono hapo akauliza, "Na wanawake?" Wanawake hawakuwemo. Mwezi wa Machi 1776 Abigail Adams alikuwa amemwandikia mumewe, yule wakili John, akimtaka awakumbuke wanawake katika sheria mpya. Alimjibu kwa mzaha. Haki ya kura kwa wanawake iliingia katika katiba mwaka 1920. Utumwa ulifutwa 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua zaidi ya watu 600,000, kwa sababu walioandika katiba waliliacha deni hilo kwa wajukuu wao. Wenyeji wote wa asili walipewa uraia 1924 tu. Na mtu mweusi wa kusini, ambaye kura yake ilikuwa imeandikwa tangu 1870, alizuiwa kwa hila na vitisho mpaka ikatungwa sheria ya mwaka 1965.

Kuna mtu mmoja anayetuunganisha sisi na habari hii. Mwanzoni mwa 1960, wajumbe wetu Waafrika walipokwenda Lancaster House, London, kuzungumzia katiba ya Kenya, Tom Mboya alimwalika wakili mweusi wa Marekani, Thurgood Marshall, awe mshauri wao. Marshall aliandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili yetu. Wakati huo watu wake mwenyewe kule kusini walikuwa hawaruhusiwi kuketi meza moja na wazungu hotelini. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1987, nchi yao iliposherehekea miaka 200 ya katiba, alikataa kuimba wimbo wa wengine. Alisema katiba ile ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba sifa ni za wale waliokataa kuridhika nayo ilivyokuwa.

Waandishi walikuwa wameacha mlango wa kurekebisha, lakini ni mlango mzito: theluthi mbili za mabaraza yote mawili, kisha robo tatu za majimbo. Mpaka leo marekebisho yamepita 27 tu. La mwisho ndilo tutakalomalizia, maana tunajua mtalipenda. Mnakumbuka tulisema mwaka 1789 yalipelekwa 12 yakapita 10? Moja kati ya yale mawili yaliyobaki lilisema wabunge wakijiongezea mshahara, nyongeza isianze kulipwa mpaka uchaguzi mwingine uwe umepita. (Tunaona mmecheka. Tulijua.) Likasahauliwa, lakini halikuwa limewekewa mwisho. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Texas aliliona, akaandika insha akisema bado liko hai. Mwalimu hakuridhika, akampa alama ya C. Yule kijana akaanza kuandika barua, kama zile kamati za Boston, jimbo baada ya jimbo, miaka kumi. Mei 1992 likapata majimbo ya kutosha likawa sehemu ya katiba, miaka 202 baada ya kupelekwa. Na mwaka 2017 chuo kikuu chake kikamrekebishia ile alama, ikawa A.